Singa za Ng'ombe wa Mahari

Chekeni kwanza, mmalize, halafu nitaendelea, maana habari hii haielezeki mbele ya watu waliokaza uso kama wako kanisani. Mimi ndiye yule bwana arusi aliyesimama kule Luberizi mbele ya baba mkwe, mama mkwe, mashangazi na kundi la wapiganaji wenye mikuki, akatangaza kwa sauti ya kufika mpaka kwenye mashamba ya mpunga kwamba ana chunjua sehemu za siri na amezifunga kwa singa za mkia wa ng'ombe. Nimezeeka sasa, nina wajukuu, na bado sokoni kuna watu wananiita Mkia. Naitika. Nitafanyaje, na aibu ile ndiyo iliyonipa mke?

Ilikuwa wakati ule wa uasi, waasi wameshika Uvira na wakubwa wenye magari wamekimbilia ng'ambo ya ziwa. Mimi nilikuwa mpakizi wa pamba bandarini Kalundu tangu uhuru, na uhuru ule kila mtu aliufasiri kwa namna yake, mimi niliufasiri kwenye baa (na si peke yangu, msinitazame hivyo). Baadaye nikamwona Faida, binti wa mkulima wa mpunga wa Luberizi, baa nikaziacha, barua ya uchumba ikapelekwa, baba yangu akakubali kutoa ng'ombe wake waliokuwa wanachungwa juu mlimani Rurambo. Kila kitu kilikuwa kimenyooka. Ndipo siku moja nikiwa naoga ziwani nikajitazama vizuri, nikaona vijinundu.

Havikuuma. Vilikuwa laini, rangi ileile ya ngozi, vinawasha kidogo tu, na mwanzoni nilijiambia ni jasho la magunia. Lakini vikaongezeka, vikasongamana, mpaka vikawa kama kishungi cha jogoo. Hapo usingizi ukaanza kupungua, maana nilijiuliza nitaingiaje kwa Faida na kitu kama hicho.

Sasa sikilizeni uamuzi wangu mdogo, ule ulioleta mengine yote. Pale Rugenge mjini Uvira, hatua chache kutoka kwetu, kulikuwa na dispanseri, na muganga wake hakukimbia vita. Ila muganga huyo ndiye aliyekuwa anatuongoza kwaya. Mimi ni sauti ya nne, nasimama mbele yake kila Jumapili, naye ananinyooshea mkono nishuke chini kabisa. Nikawaza, nitaimbaje wimbo wa kumsifu Mungu mbele ya mtu aliyeniona kule? Nikaona heri nife na chunjua zangu kuliko kumvulia suruali kiongozi wa kwaya. Nikaenda kwa rafiki yangu Kashindi, mtu anayejua kila kitu, na anayekijua kwa haraka.

Kashindi hakucheka, hilo namsifu. Alisema wachungaji wa Rurambo wakipata chunjua mkononi huzifunga kwa singa ya mkia wa ng'ombe, wanakaza kila asubuhi mpaka zinakauka na kudondoka, na hata chuchu za ng'ombe zikiota chunjua wanafanya vilevile. Nikamuuliza kama dawa ya mkono inafaa mahali pale. Akanijibu, "Ngozi ni ngozi." Nami, msomi wa darasa la sita, nikaona hoja hiyo haina pa kupingwa.

Ng'ombe wa mahari walikuwa wanateremshwa, nikajitolea kwenda na Kashindi kuwapokea njiani. Baba mdogo wangu, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wetu kwa wakwe, alifurahi akasema kijana huyu anapenda ng'ombe wake. Tulipowapumzisha karibu na kijito, baba mdogo akiwa ametangulia mbele, nikachomoa kisu. Singa za yule wa kwanza zilikatika nilipokaza. Za wa pili zilikuwa nene. Za wa tatu zilikuwa nzuri lakini nilitaka akiba, kwa hiyo nikaendelea kwa wa nne, na yule wa mwisho nilimkata kwa sababu tu alikuwa amesimama karibu. Nilipomaliza, mikia yote ilikuwa kama mifagio iliyochoka. Nikajificha kwenye matete, nikafunga, nikakaza, na machozi yakatoka yenyewe. Safari iliyobaki nilitembea miguu imeachana kama mtoto anayeanza kusimama, na baba mdogo akanisifu tena, eti natembea kwa heshima.

Kitu ambacho mimi mtu wa bandarini sikukifikiria, na Kashindi mjuzi wa yote hakukitaja, ni kwamba kwetu ng'ombe wa mahari hukaguliwa kuanzia pembe mpaka mkia. Na mkia ndio kabisa. Wazee wanasema baraka ya ng'ombe iko kwenye singa zake, kwamba anayezikata kabla ya kumtoa amebaki na uzao nyumbani na kuwapelekea wenzake nyama tu. Mtoto yeyote aliyekulia mlimani anajua hilo.

Tukafika. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa imeiva, mtungi umewekwa katikati na mirija yake, wazee wamekaa. Shangazi yake Faida, mama mmoja mnene mwenye macho makali, akaingia kati ya ng'ombe. Akatazama meno, akasifu. Akapapasa viwele, akasifu. Akainua mkia wa kwanza, akainua wa pili, wa tatu, halafu akauachia kama kitu kichafu.

"Ngombe hizi zimenyolewa," alisema.

Baba mdogo alicheka, akidhani ni utani wa wakwe. Alipoona hakuna mwenzake anayecheka, akaenda kutazama mwenyewe, na akarudi uso umepauka. Aliapa kwa mama yake, akaapa kwa Biblia, lakini kadiri alivyoapa ndivyo alivyozidi kuonekana mwongo, maana yeye ndiye msemaji, ng'ombe wako mkononi mwake. Baba mkwe akautoa mrija mdomoni, akaulaza chini polepole. Alisema ng'ombe warudi walikotoka, na binti yake hatoki kwenda kwa watu wanaotoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine. Nilisikia ndani ya nyumba mtu akilia, nikaijua sauti. Kufungua mdomo nilitaka, Mungu ananiona, lakini niliwahesabu mashangazi waliokuwa mbele yangu, nikaufumba.

Na kama vile hiyo haikutosha, wapiganaji wakaingia. Walikuwa wanalinda kizuizi kwenye barabara ya Bukavu, na ng'ombe wetu walikuwa wamepita mbele ya macho yao. Mkubwa wao alikuwa kijana mwenye kofia ya ngozi ya nyani, na nyuma yake mzee mmoja aliyebeba kibuyu cha maji ya dawa, yale waliyokuwa wakinyunyiziwa ili risasi igeuke maji. Komanda alisema kwa upole kabisa kwamba mapinduzi yana njaa na ng'ombe wale wanachukuliwa. Halafu akaona nyuso zetu akauliza kuna shida gani, na mzee mmoja wa ukweni kwa hasira zake akamwonyesha ile mikia na kumwonyesha baba mdogo, akatamka neno uchawi.

Wakati ule neno hilo halikuwa la kuchezea. Mtu aliyeitwa mchawi mbele ya waasi hakuiona jioni. Mikuki ikamzunguka baba mdogo bila kumgusa, naye akapiga magoti, huyu baba aliyesaidia kunilea, aliyeuza mbuzi wake ili ninunue suruali ya arusi. Nikamtazama Kashindi. Kashindi alikuwa anakagua nyasi za paa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuna aibu na kuna damu, na mtu hawezi kuchagua damu ya baba yake mdogo ili kuficha suruali yake.

"Si muchawi," nilisema. "Ni minye nilikata."

Komanda akaniuliza nilikata za nini. Ningeweza kusema za kutengenezea kamba, za kufukuzia nzi, hata za zeze, lakini nilikuwa na hofu, na mimi nikiwa na hofu husema kweli yote. Nikasema nina masundosundo, yaani chunjua. Akauliza wapi. Nikasema. Akauliza na singa ziko wapi sasa. Nikasema ziko hukohuko, nimezifungia. Nikasikia hata ng'ombe wakitafuna.

Komanda hakuamini. Akamwamuru yule mzee wa dawa anipeleke nyuma ya ghala la mpunga akatazame. Tukaenda. Mzee akaweka kibuyu chake mbali, akainama, akatazama, akavuta pumzi ndefu (pumzi ile naisikia hata leo), akaniuliza kama inauma. Nikasema sana. Akasema, "Inaonekana." Tukarudi, na mbele ya watu wote akatangaza kwamba ni kweli, na kwamba singa bado zinaning'inia.

Halafu yule mzee akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Aliwarudisha vijana wake nyuma. Maji yao yalikuwa na miiko mingi na mkali kuliko yote ulikuwa kutokugusa chochote cha mambo ya chumbani. Akawaambia mpiganaji atakayekula nyama ya ng'ombe ambaye singa zake zimelala mahali pale, maji yatamfia, na risasi itabaki risasi. Vijana wakatazamana. Komanda akameza mate, maana ng'ombe walikuwa wanono.

"Ngombe gani ulikata?" aliniuliza.

Wenzangu, kuna siku chache mtu anafurahi kwa ujinga wake. Nilijinyoosha, nikasahau maumivu, nikamjibu kama mtu anayehesabu ushindi:

"Zote, komanda. Singa zilikuwa zinakatika."

Wakaondoka. Hata kasiksi hawakuionja. Mikuki ilipopotea nyuma ya migomba, yule shangazi mwenye macho makali akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia, kumbe ni kicheko, na kicheko kikageuka vigelegele, na mashangazi wengine wakapokea. Baba mdogo akanikumbatia akinitukana. Baba mkwe akaokota mrija wake, akaupangusa, akasema ng'ombe ambao waasi wenyewe wamewakimbia hawajapoteza baraka.

Ndipo Faida akatoka ndani. Binti hatoki siku ya mahari, mnajua, lakini yeye alitoka, macho mekundu, akasimama mbele yangu. Ningependelea mikuki irudi.

"Ngombe ziingie," alisema. "Weye utaingia siku muganga atasema."

Na hivyo nikafika nilikokuwa nakimbia. Faida alinisindikiza mwenyewe mpaka Uvira pamoja na shangazi, na muganga wa kwaya akanitazama, akavikata vile vifungo, akauliza tu kwa nini sikuja mwanzoni (nikakohoa kwa sauti ya nne). Kwanza alihakikisha si kaswende, maana hiyo nayo huweza kuota vinundu pale, ila huwa bapa na lowevu, na hutaka sindano. Alisema vyangu ni chunjua kweli, na hata kwa Kifaransa huitwa kishungi cha jogoo, haviletwi na ng'ombe wala na uchawi, vinaletwa na mdudu mdogo asiyeonekana anayepita ngozi kwa ngozi watu wanapolala pamoja. Anaweza kulala mwilini miezi mingi kabla hajajionyesha, kwa hiyo asiwepo mtu wa kuapa ni nani alimpa nani wala lini. Hapo Faida alinitazama nikaikumbuka Kalundu, nikamweleza yote ya baa njiani nilipokuwa nawasindikiza kurudi, kabla hajauliza. Tulipofika kwao akasema afadhali nimesema.

Ilibidi vidonda vya singa vipone kwanza. Kisha kila wiki muganga alinipaka dawa ya kahawia iliyotoka kwenye mzizi, juu ya vinundu tu, akizungushia vaselini ngozi nzima isiungue, nami naiosha baada ya saa chache. Mara moja nilitaka kuiacha mpaka asubuhi ili nipone haraka, na Faida alipopata habari akanitumia salamu kupitia shangazi: amwambie Mkia dawa hii siyo singa. Jina likatokea hapo. Faida naye alikaguliwa na mkunga, hakukutwa na kitu, akaambiwa ajiangalie, na akiwa na mimba dawa ile asipakwe. Vinundu vikanyauka, kikabaki kimoja kaidi, nacho kikaenda. Muganga alisema dawa inaondoa kinachoonekana, mdudu anaweza kubaki amelala, vikirudi nami nirudi. Vilirudi mara moja. Nikarudi, mbio, na safari hii nilimvulia kiongozi wa kwaya suruali hata kabla hajasema nikae.

Tulioana mikia ikiwa imeshaota singa tena. Arusini baba mkwe alinivuta pembeni, nikadhani ananipa wosia, akaniuliza kwa sauti ndogo muganga yule anapatikana siku gani. Sikumuuliza ni kwa ajili ya nani. Na hakuwa wa mwisho: mashemeji, wavuvi, hata Kashindi (ndiyo, Kashindi, ngozi ni ngozi), wote wakaja kuniuliza, maana mtu aliyekwisha kuaibika mbele ya mji mzima hana cha kukucheka nacho.

Singa sijazishika tena maishani mwangu, hata za kufukuzia nzi. Lakini nimeozesha mabinti, na vijana wanapoleta ng'ombe uani kwangu, wazee wengine huanza na meno, mimi naanza na mkia. Mwaka mmoja nikakuta mkia umenyolewa. Kijana alikuwa amesimama miguu imeachana. Ng'ombe nikampeleka zizini, na kijana nikamshika mkono mwenyewe mpaka dispanseri.