Sifa za Mwenyekiti

Mwenyekiti wa tawi la Chama, katika kijiji kimoja karibu na Msimbati, alikuwa na vidole vilivyobabuka kwa mafuta ya maganda ya korosho, na sauti ya mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa. Kabla ya kuketi alifuta kiti kwa kofia yake, kisha akaivaa kofia hiyo hiyo pamoja na vumbi lake. Somoe, binti aliyemaliza kidato cha sita, alimjua vizuri, maana yeye ndiye aliyemfundisha mzee huyo kusoma katika darasa la watu wazima. Mzee alikuwa akikaa mbele na kuitika “Naam, mwalimu” hata asipoulizwa.

Miaka hiyo kumaliza kidato cha sita hakukutosha. Aliyetaka Chuo Kikuu ilibidi afanye kazi kwanza, kisha tawi limpendekeze. Mfaume, aliyekuwa akisinzia katika duka la kijiji mpaka mbuzi wakala unga, alipita upesi kikaoni. “Kijana safi,” alisema mwenyekiti. “Aende.” Zamu ya Somoe ilipofika, machozi yalimlengalenga mzee. “Kwa binti huyu nimejua kuandika jina langu. Jamani, nani anagawa jembe linalolima? Abaki!” Ukumbi ukapiga makofi. Somoe naye akajikuta anapiga.

Tangu wiki ile akaanza kuchelewa darasani. Akija, hulala mezani, na mwenyekiti akiuliza herufi humjibu kwa mkato. Kikao kilichofuata mzee alisimama kwa huzuni.

“Ndugu zangu, binti yetu ameharibika,” alisema. “Aende Chuo Kikuu.”