Barua ya Mwalimu Dotse kwa Watu wa Uhamiaji

Mama Yawa aliuza samaki wa kukaanga hapa mjini kwetu Kpando mpaka macho yake yakazimika kabisa. Mumewe alishafariki, na mtoto wake ni mmoja tu, Esinam, aliyeko Uingereza na mwanawe mgonjwa wa figo. Huyo mtoto husafishwa damu hospitalini mara tatu kwa wiki, kwa hiyo Esinam hawezi kurudi. Akaomba mama yake amfuate huko.

Wakili alimweleza waziwazi: wazazi hawaruhusiwi hivi hivi, labda pawe na mazingira ya kipekee. Lazima ionekane kwamba huku nyumbani mama hana wa kumtunza. Esinam akampigia simu Mwalimu Dotse, mzee wa kanisa, aandike barua ya kueleza hali ya mama.

Hapo ndipo tulipoharibu. Mwalimu hakuandika hali ya mama, aliandika heshima yetu.

"Mama Yawa ni mama wa mtaa mzima," alitusomea barazani kwake, kifua mbele. "Hakosi chochote. Jirani yake Kafui humpikia kila siku."

Kafui ni mimi. Nilikuwa nimempikia mara mbili tangu Pasaka.

"Mwalimu, hapo si umetia chumvi?"

"Ulitaka niwaambie Wazungu tumemtupa mama yetu? Huna haya wewe?"

Nikanyamaza, maana sifa ilininogea. Sitajisamehe. Mwalimu akaituma bahasha mwenyewe moja kwa moja kwa watu wa uhamiaji wa Uingereza, hakutaka ipitie mikononi mwa mtu.

Jibu lilikuja baada ya miezi saba. Esinam alitusomea kwenye simu: ombi limekataliwa, kwa kuwa Mzee Dotse ameandika kwamba mama hakosi chochote.

"Mwalimu, nilikuomba useme ukweli!"

"Nilikuwa nakulindia jina, mwanangu."

"Jina ndilo litakalomwogesha mama?"

Mwalimu akaandika ya pili. Safari hii alisema yote: kwamba Mama Yawa alianguka bafuni asubuhi akaokotwa jioni, kwamba siku nyingine hulala na njaa na mlango wangu uko hatua kumi tu. Ilimchukua siku tatu. Wakajibu kwamba barua hizo mbili zinapingana, nao wanaiamini ya kwanza. Esinam akakata rufaa, akashindwa.

Na Mama Yawa mwenyewe hakuwahi kumsaidia mwanawe. Akiulizwa hali, jibu ni lile lile: "Mimi mzima, wewe lea mtoto." Hata siku ile aliyoanguka alijibu hivyo, damu ikimtoka kichwani.

Jumamosi iliyopita nilimshikia simu sikioni. Esinam alikuwa hospitalini na mtoto, akamweleza polepole kwamba njia zote zimekwisha.

"Kwa hiyo siji?"

"Huji, mama."

Nilijua atasema yeye ni mzima.

"Esinam, mimi tangu jana sijala," akasema. "Naogopa kukaa peke yangu. Njoo unichukue."

Jana nzima nilikuwa nyumbani kwangu.

"Mama, ngoja, nesi ananiita," Esinam akasema huku analia, na simu ikakatika.

Mama Yawa hakujua. Aliendelea kumweleza mwanawe yote aliyomficha miaka hiyo, moja baada ya jingine, nami nikaendelea kumshikia simu.