Gari la Mbio Lisilonguruma, Kutoka Arua hadi Dranya

Nilikwenda Koboko kwa sababu ya kelele moja ndogo. Bwana Lado, mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini ambaye malori yake matatu nayatunza katika gereji yangu ya Onduparaka, hapa Arua, alikuwa amenunua gari jipya. Lilikuwa gari kubwa la juu, la petroli na umeme pamoja, kazi ya kampuni moja ya Ulaya inayosifika kwa magari ya mbio. Lilikuwa likigonga upande wa mbele. Kwenye simu hakunizungusha: "Fundi, kama wewe nashindwa hii, mimi napeleka gari zote Kampala."

Malori hayo ndiyo yanayowasomesha wadogo zangu wawili, niliowalea tangu wazazi wetu walipofariki. Mimi niliacha shule darasa la sita na kazi nikajifunza kwa masikio. Injini ya gari ikilia nyuma ya ukuta, nakuambia inaumwa wapi. Sasa naitwa kutibu gari lisilolia.

Saa moja asubuhi Jaffar alinifuata gereji na pikipiki yake. Jaffar ni dereva wa teksi, na chumba chake amekibandika picha za magari mekundu ya kampuni hiyo kutoka sakafu hadi dari.

"Mimi nakwenda matanga," alisema.

"Nani amekufa?"

"Kampuni. Gari ya mbio iko na mlango ine, iko na betri, iko na nafasi ya kiti ya mtoto! Nguvu bila sauti iko kama goli imeingia na uwanja yote ya Onduparaka imenyamaza."

Barabara ya lami ilikuwa na upepo mkali, na Jaffar aliendesha huku amegeuza kichwa ili nisikose hata neno moja la malalamiko yake. Nilimwomba atazame mbele. Alitazama, akaendelea kulalamika.

Saa tatu tulifika Koboko. Gari lilikuwa mbele ya ghala la Bwana Lado, jeusi, likiwa limezungukwa na madereva. Mzee Ramadhan, aliyeendesha malori ya Juba hadi magoti yakagoma, alikuwa ameketi kwenye gunia la simsim akilitetea.

"Vijana, gari ya chini, barabara ya Dranya nakula tumbo yake mara moja," alisema. "Hii iko juu. Hao watu sasa wametukumbuka sisi."

"Wamekumbuka pesa, mzee," Jaffar alijibu. Aliegemea boneti. "Waambie wawashe basi, tusikie kama bado iko na damu."

Bwana Lado alicheka kutoka kwenye usukani. "Iko imewaka toka ulikuja."

Gari lilirudi nyuma kimya kimya na Jaffar akabaki ameegemea hewa. Aliokolewa na bega la Mzee Ramadhan. Watu walipiga makofi.

Kabla ya adhuhuri tulikuwa kwenye barabara ya vumbi ya Dranya, kati ya mashamba ya mihogo. Kila mtu alikuwa ameshatoa hukumu: ni betri, ni kompyuta, ni laana. Nilimwomba Bwana Lado aendeshe polepole kwa umeme tupu. Nikatembea kando ya gari nimeinama, sikio karibu na gurudumu.

Nilisikia vitu ambavyo sijawahi kusikia chini ya gari lolote. Nilisikia kokoto zikipasuka chini ya tairi. Nilisikia mpira wa mlango ukijikuna. Na upande wa kushoto, kila shimo, tok. Ngurumo ya injini ingeifunika sauti hiyo. Hapa ilikuwa uchi. Nikaingia chini na spana. Nati ya kifimbo cha chuma kinachoshika gurudumu ilikuwa imelegea. Nikaikaza. Tukarudia njia ileile, na tok haikusikika tena.

"Sasa nionyeshe umeme yake," Bwana Lado alisema, akainua kifuniko. Nyaya nene za rangi ya machungwa zilipita mle ndani kama mishipa. Madereva waliotufuata walisogea kutazama. Ningeweza kugusa hapa na pale nikatikisa kichwa kama daktari. Niliwafikiria wadogo zangu, na bado nikasema:

"Hizi sijui. Waya ya rangi hii inaweza kuua mutu. Sigusi."

"Basi gari zote Kampala?"

"Peleka hii moja. Na mimi unipeleke. Nitasimama pale wanapoifungua mpaka nijue."

Mzee Ramadhan alicheka. Bwana Lado hakucheka. Aliangalia gurudumu la kushoto, akafunga kifuniko.

"Jumatatu, saa kumi na moja asubuhi. Ukichelewa, naenda."

Alasiri tulirudi Arua. Jaffar alikuwa bado anaomboleza, ingawa alikiri kwamba kiti kilikuwa kizuri. Mimi nilikuwa na kitabu cha gari, nilichoazimwa na Bwana Lado, kifuani ndani ya shati. Nilikuwa nimedhani ukimya utaninyang'anya kazi, kumbe masikio yangu bado yana kazi tele. Kilichobaki nje ya masikio ni cha kusomea.

Jua lilikuwa halijazama nilipompa Hawa, mdogo wangu anayesoma sekondari, kitabu kile. Kiko kwa Kiingereza. Alisoma ukurasa wa kwanza, akanieleza, akataka kufunua wa pili. Nikamzuia mkono.

"Rudia," nikamwambia. "Mwanafunzi wako hajaelewa."