Chafya Makaburini

Mtoto alikuwa amekataa kupiga chafya. Kule kijijini Boito wazee waliita majina ya marehemu wote wa ukoo, maana mtoto hupewa jina la yule ambaye akitajwa, chafya inatoka. Huyu aliwatazama tu kama hakimu. Likabaki jina moja: Kipkemboi, babu yake Phyllis, aliyechukuliwa vitani na Waingereza, akasikika mara ya mwisho hospitalini Nairobi. Hakuna aliyewaambia kama alikufa, na aliye hai haitwi.

Ndiyo maana Phyllis, mchuma chai mstaafu na mama wa kanisa, alisimama kwenye makaburi ya wanajeshi Nairobi pamoja na Chepngeno, mke wa mwanawe, mtoto akiwa mgongoni. Nyasi zilikatwa sawa kuliko chai ya kampuni. Phyllis aliikumbuka zahanati ya kwao, iliyomezwa na magugu, akaona kwamba mtu akitaka kutunzwa vizuri, kwanza afe.

"Mama, mtu wako alikuwa na cheo gani?" aliuliza Onyiego, mtunza makaburi.

"Alibeba mizigo."

"Ah. Hao wako nyuma, karibu na mbolea."

Akawaongoza, akisoma mawe kwa sauti kama mtangazaji. "Meja Harold Pettigrew!"

Mtoto akapiga chafya.

"Mama, ameitika!" Chepngeno akapiga kelele.

"Nyamaza! Walichukua mashamba, wakamchukua babu. Sasa wanataka na mtoto?"

"Mwacheni," Onyiego alicheka. "Pengine atarithi kampuni ya chai."

"Hayo ni mafua," Phyllis alisema, akaharakisha mwendo.

Huko nyuma mawe hayakuwa na majina. Yaliandikwa "Askari", basi. Phyllis aliyapitia moja moja, akiwaza. Babu aliacha ng'ombe nyumbani. Angekuwa hai, angewarudia. Akachagua jiwe lililoinama.

"Kipkemboi."

Mtoto akapiga miayo.

"Kipkemboi!"

Chafya haikutoka. Phyllis akafungua fundo la leso, akatoa kopo la ugoro alioapa mbele ya pasta kwamba ameuacha.

"Mama, huko si ni kudanganya?"

"Hata wazee walifanya hivi wakichoka kungoja."

Akaupitisha ugoro chini ya pua ndogo. "Kipkemboi!"

Chafya ikatoka kwa nguvu, ikafuatwa na nyingine. Onyiego akavua kofia.

"Meja hakupata mbili," alisema.

 Phyllis alimfuta mtoto kamasi kwa ncha ya leso.

"Umechelewa sana, babu," alimwambia.