Kengele Iliyonyamazishwa

Marlys Tveit alikuwa mdadisi kuliko paka. Katika mji wake mdogo kaskazini mwa Minnesota alifundisha uandishi, na kila asubuhi aliandika ubaoni jambo la kuwachokoza wanafunzi washike kalamu.

"Mlango wa ghala uliofungwa tangu zamani umekutwa wazi. Ndani mna nini?"

Darasa likajaza ghala majini na hazina. Dorrie Lahti, binti wa miaka kumi na minne, akaandika neno moja: "Mafagio."

Kesho yake: "Mshawishi mkuu wa shule afute mtihani wa Ijumaa." Dorrie akaandika: "Hakubali."

Mwalimu mwingine angefoka. Marlys alitaka kujua tu. Akamwita mezani.

"Wee Dorrie, mbona unanibania maneno?"

"Mwalimu, mafagio ndiyo yaliyomo ghalani mwa shule. Nimeyaona kwa macho yangu. Unauliza vitu vyenye majibu."

"Haya, mjuaji! Niulize wewe kisicho na jibu."

Dorrie akatazama theluji dirishani. "Ile kengele ya paani. Mbona hailii?"

Marlys naye akainua macho kuelekea paani. Alisoma shule hiyohiyo, akapita chini ya kengele ile utoto wake wote, wala hakuwahi kujiuliza.

Basi swali likapanda ubaoni. Darasa likatunga visa mpaka likachoka, kisha Marlys akawaambia waandike kumshawishi mkuu wa shule kengele ilie tena. Dorrie aliyekuwa bahili wa maneno akajaza kurasa kwa kurasa. Mkuu akazisoma, akakuna kichwa.

"Mimi sina neno. Lakini mwendeeni Ardis Nygaard, hapo ng'ambo ya barabara. Baba yake ndiye aliyeomba inyamazishwe."

Jumamosi wakaenda, mwalimu na mwanafunzi. Bi Ardis, ajuza mwenye macho makali, akawamiminia kahawa, akamsikiliza Dorrie akisoma hadi mwisho.

"Umesema vizuri, mjukuu wangu. Sasa nisikilize na mimi. Zamani tufani ya theluji ikivuma, kengele iligongwa ili waliopotea waifuate sauti. Siku moja ya tufani kaka yangu Leif alikuwa ziwani, akivua samaki kwenye tundu la barafu. Baba aliivuta ile kamba mpaka viganja vikachunika. Leif hakurudi. Tangu hapo kila ikilia, baba alitoka nje kumtazamia. Basi shule ikaing'oa ulimi, kile chuma kinachogonga ndani."

Dorrie akazikunja karatasi zake taratibu. "Na wewe, bibi? Unataka ikae kimya?"

Bi Ardis akasukuma kikombe chake kando. "Mh. Baba kafa zamani. Mimi hakuna aliyewahi kuniuliza."

Njiani Dorrie akasema, "Mwalimu, sasa nishike upande upi?"

"Hata mimi sijui," akajibu Marlys, na kweli hakujua.

Dorrie akaandika upya, safari hii pande zote mbili, bila kumsukuma mtu. Akampelekea ajuza, akamwachia. Majuma yakapita kimya. Kisha siku moja Bi Ardis akaingia shuleni na fimbo yake, akauliza ulimi wa kengele umewekwa wapi.

Fundi wa shule akaurudisha. Darasa zima likajazana ukumbini, chini ya kengele. Ajuza akaishika kamba, akavuta. Sauti ikatoka ya mkwaruzo, nzito, vumbi likawamwagikia. Bi Ardis akageuka kutazama upande wa ziwa. Halafu ghafla akacheka.

"Loo! Kumbe ilikuwa na sauti mbaya hivi!" Akamsogezea Dorrie kamba. "Vuta na wewe, mama. Vuta kwa nguvu."