Fisi maji amerudi Kivu, na jiwe tulilokuwa tunalifagia

Wakuu, nawasalimu kutoka Gisenyi, Rwanda, kando ya ziwa Kivu.

Nasoma humu siku nyingi ila sijawahi kuanzisha uzi. Kuandika kunanichukua muda, kwa hiyo nikichelewa kujibu msidhani nimekimbia. Niliyoyaona mwenyewe nitasema nimeyaona. Niliyohadithiwa nitasema nimehadithiwa. Sitaongeza chumvi.

Kiswahili changu nimefundishwa na mjomba aliyekulia Karagwe. Watu wengine wa kwenye kisa hiki wanaongea cha Goma, ng'ambo ya mpaka kule Kongo, na mimi nikiwa nao kinaniponyoka, nitakiacha hivyo hivyo.

Nafanya kazi kwenye ekipe, yaani kikosi cha wavuvi, ya sambaza. Sambaza ni samaki wadogo kama dagaa wenu.

Kwa wasiojua tunavyovua: mitumbwi mitatu inafungwa pamoja kwa miti mirefu ya mikaratusi, wavu unaning'inia chini, taa zinawashwa, sambaza wanafuata mwanga. Ekipe inatoka jioni inaimba, inarudi asubuhi. Mimi kazi yangu iko nchi kavu. Napokea wavu, nauosha, nauanika, naushona ukichanika. Naipenda kwa sababu haina maneno mengi.

Pale tunapoegesha kuna jiwe jeusi la volkano, pana, limeingia ziwani kama ulimi. Jua likilipiga kidogo tu linakuwa moto kama sufuria. Ekipe yetu imeanika wavu juu yake tangu kabla sijaajiriwa.

Sasa kisa chenyewe.

Miaka hii ziwa linafungwa kwa muda fulani kila mwaka ili samaki wazae. Nyavu za macho madogo zinakamatwa. Ufukweni matete yamepandwa na yameshika vizuri. Samaki wa pembeni wakaongezeka, kila mtu akaona.

Fisi maji naye akaona.

Kwa ambao hawamjui, hana undugu wowote na fisi. Ni mnyama mrefu, wa kahawia, shingoni ana mabakabaka meupe, miguu mifupi, mkia mnene. Anaogelea utadhani maji yanamtereza. Sisi kwa Kinyarwanda tunamwita inzibyi. Anakula samaki, na kaa anawatafuna na magamba yao.

Hapa nahadithiwa: Tante Odette, anayenunua sambaza zetu na kuzivusha Goma kichwani, anasema mama yake aliwakuta wengi sana. Wakawindwa kwa ajili ya ngozi, wengine wakafia kwenye nyavu, wakaisha. Yeye mwenyewe alikuwa hajamwona hata mmoja mpaka huyu alipokuja.

Siku za kwanza tulifurahi. Watoto walikuwa wanakimbia ufukweni kumwangalia.

Halafu wavu ukaanza kuchanika.

Sio tundu moja la kawaida la kukwaruza mti. Ni matundu mengi, mengine mkono unapita, na nyuzi zimekatwa kwa meno. Nashona leo, baada ya siku chache yako mengine upande wa pili. Wavu ukiwa na matundu hivyo, sambaza wanapita kama wako nyumbani kwao.

Mkubwa wa ekipe tunamwita kapita. Jina lake Safari. Ni mtu mzuri, ila akikasirika anaongea polepole, na ndipo unapaswa kuogopa.

Akatukusanya asubuhi moja, akasema, "Ile fisi maji iko naingia mu wavu chini ya maji, inakula sambaza, inatoboa, inatoka. Hii wavu iko moja tu. Ikipasuka tena kabla ziwa ifungwe, ekipe imekwisha. Kila mutu atatafuta njia yake. Petit, we utaenda kubeba viazi ku soko ya Mahoko."

Petit ni mimi.

Wakuu, mimi sina kazi nyingine ninayoijua. Shule niliishia primaire, yaani msingi. Kubeba magunia sio aibu, lakini mkono wangu umezoea sindano ya wavu.

Tante Odette akauliza, "Bon, utaifanya nini sasa?"

"Niko na dawa ya kupe nyumbani. Tunachanganya na sambaza, tunaweka ku jiwe."

"Na bata ya batu? Na batoto benye banaoga pale?"

"Tutabaambia basioge."

"Safari, wewe umeshaambiaka mutoto asioge, akakusikia?"

Watu wakacheka, kapita hakucheka. Akaniambia nikae karibu na jiwe siku hiyo, niangalie huyo mnyama anakuja saa ngapi, ili dawa iwekwe kabla yake. Ekipe wakaenda kulala kama kawaida ya wavuvi wa huku.

Mimi nikafanya kazi yangu. Nikafagia jiwe kwanza.

Hapa nisimame kidogo. Sisi Rwanda usafi ni jambo kubwa. Lile jiwe kila asubuhi linakuwa na uchafu mweusi wenye vipande vya magamba ya kaa, unanuka samaki. Tulikuwa tunasema ni ndege, wale weusi wanaozamia, hata tulipoukuta juu ya wavu. Kwa hiyo kila siku nalifagia na kulimwagia maji mpaka ling'ae, halafu natandika wavu na kwenda zangu mpaka jioni. Na mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, yaani kazi ya pamoja ya mtaa, watu wanalisugua tena. Nilikuwa najivunia lile jiwe.

Basi nikatandika wavu, nikaweka beseni la sambaza pembeni, nikakaa nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa.

Jua likapanda. Akaja.

Akapanda jiwe huku maji yanamtiririka. Nikajua anaenda kwenye beseni. Hakwenda. Alilinusa akalipita.

Akaanza kunusa jiwe, huku na huku, kama mtu aliyefika kwake akakuta milango imehamishwa. Akafika katikati ya wavu. Akageuka, akainua mkia, akajisaidia.

Juu ya wavu wetu.

Kisha akawa anakwangua kwa miguu ya nyuma na kujigaragaza. Kucha zikanasa kwenye nyuzi. Akavuta, ikakaza. Akainama akaanza kukata kwa meno, mpaka akajinasua, akaruka majini na kupotea. Matundu matatu makubwa nikayaona yanazaliwa mbele ya macho yangu.

Hapo nikaelewa. Ule uchafu niliokuwa nasingizia ndege ulikuwa wake. Jiwe lile ndilo choo chake, na nadhani ndipo fisi maji wanapoachiana harufu wajuane. Mimi kila asubuhi namfutia, yeye kila siku anarudi kuweka upya. Na katikati tumemtandikia wavu.

Sasa kumwambia kapita. Wakuu, mimi mbele za watu maneno yananikauka. Nikashona yale matundu, nikamsubiri mpaka akaamka, nikamwambia tu, "Kapita, kesho ukae na mimi kidogo. Dawa uiache kwanza."

Akaniangalia sana. "Umeona nini?"

"Utaona."

Kesho yake akakaa na mimi nyuma ya mtumbwi, kifuko cha dawa kiko mfukoni mwake. Nilitandika kipande cha wavu wa zamani, ule wa kazi nikauacha ndani ya mitumbwi. Nilikuwa na hofu kwamba asipokuja nitaonekana mjinga. Akaja. Akafanya yote, kwa mpangilio ule ule.

Mnyama akaondoka. Kapita akasema polepole, nikaogopa, kumbe mara hii sio hasira.

"Donc, sisi tunatandika wavu ku WC ya mutu, halafu tunamukasirikia."

Akacheka mpaka akashika mtumbwi. Kile kifuko akakirudisha nyumbani, maana ng'ombe wa shemeji yake walikuwa wanakisubiri.

Siku hiyo hiyo tukasimamisha miti ya mikaratusi juu kidogo ya ufukwe, tukawa tunaanika wavu hapo. Unakauka taratibu kuliko kwenye jiwe, lazima niseme ukweli. Lakini hauchaniki. Na jiwe nikaacha kulifagia.

Ikabaki umuganda.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu wakaja na mafagio na ndoo, moja kwa moja kwenye jiwe. Ekipe walikuwa upande wa juu wanachimba mtaro na kapita. Pale chini nilikuwa mimi peke yangu. Niliwaza: wakilisugua, mnyama atahangaika, ataanza kutafuta alama zake mpaka juu kwenye wavu. Sina uhakika, lakini sikutaka kujaribu.

Nikasema, "Muache iyo jiwe."

Hawakusikia. Nikarudia kwa nguvu. Wote wakageuka.

Mama mmoja mwenye fagio akasema, "Haa, huyu kijana leo anaongea. Na anatuambia tuache mavi."

"Iko ya inzibyi," nikasema. "Ni kwake. Mukiifagia atakuja ku wavu."

"Sasa wewe ndio muzamu wa choo yake?"

Vicheko. Nilitamani ardhi inimeze, lakini sikuondoka juu ya jiwe. Mkuu wa mtaa akaniuliza kwa utaratibu, nikamweleza kila kitu, kwa Kinyarwanda na kwa sauti ndogo, ila nikamaliza. Akafikiri, akasema wafagie ufukwe wote, jiwe libaki.

Tangu siku hiyo jina langu ni Muzamu, yaani mlinzi. Hata Tante Odette ananiita hivyo. Silichukii.

Wavu ulifika mpaka ziwa likafungwa ukiwa mzima. Lilipofunguliwa tukarudi kazini, ekipe ile ile. Fisi maji sasa ana watoto wawili. Wageni wa hotelini wanaletwa na boti kuwatazama. Juzi boti moja ilisogea sana, kapita Safari akasimama kwenye mtumbwi akaikemea: "Weee, rudi nyuma, mama iko naogesha batoto." Yule mwenye dawa ya kupe.

Sio kila mtu ana furaha. Jirani yetu Baba Claude anavua tilapia kwa ndoana, na mara nyingine anavuta kichwa tu, mwili umeshaliwa. Jiwe letu halimsaidii chochote. Anasema sisi tumepatana na mwizi wake. Simlaumu.

Nilichojifunza: mnyama akirudi mahali alipokuwa zamani, anakuta sisi tumeshazoea kukaa kana kwamba hakuwahi kuwepo. Kabla ya kumwita mwizi, kaa umwangalie anafanya nini. Na kama umeona kitu, sema, hata kama sauti yako ni ndogo.

Wakuu wa Victoria, Tanganyika na Nyasa, huko kwenu fisi maji wapo? Wavuvi wa ndoana wanaishi naye vipi? Mwenye njia aiandike hapa. Baba Claude hasomi mtandaoni, nitamsomea mimi jioni akirudi.