Kisanduku cha Kutazama Ng'ambo

Mtaa mzima ulimwita Mpira, na jina lenyewe alilichuma kwa kazi yake. Alikuwa fundi wa friji, na akishakuwekea mpira mpya mlangoni, hata harufu haikutoka ndani. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye friji zilizosimama bila milango na milango iliyoegemea ukuta bila friji. Nyuma ya chumba hicho, pazia la maua likitenganisha, aliishi na mama yake.

Kila Jumapili alifunga kazi mapema, akatia mkoba begani na kuanza mzunguko wake. Wateja walishamzoea, ila si wote walimvumilia.

"Fundi, nyama yangu inaoza humo ndani, wewe unakwenda kukagua makopo?"

"Nyama yako ilioza tangu jana, dada. Makopo yangu bado mazima."

Makopo hayo yalikuwa visanduku vya mchezo. Mchezo wenyewe ni huu: mtu anaficha kisanduku mahali, anatia alama ya mahali hapo kwenye ramani ya simu, kisha watu asiowajua wanakuja kukisaka. Anayekipata anaandika jina lake kwenye karatasi iliyomo, anakirudisha kama alivyokikuta, halafu anasimulia safari yake kwenye ukurasa wa kisanduku hicho. Aliyekificha ndiye mlezi wake. Karatasi ikilowa, ni juu yake. Kifuniko kikipasuka, ni juu yake. Mahali pakianza kuwa pa hatari, yeye ndiye wa kukitoa kabla mtu hajaumia.

Mpira alikuwa mlezi kwelikweli. Alivizungushia vifuniko mipira aliyokata kwenye milango mibovu, akatia ndani vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na friji mpya. Alipoona chuma cha ngazi nyuma ya soko kimeanza kuliwa na kutu, alikiondoa kisanduku cha hapo siku ileile, bila kuambiwa na mtu. Wachezaji wenzake walimtolea mfano.

Lakini alikuwa na kimoja cha mbali, na hicho hakukificha kwa ajili ya mchezo.

Mdogo wake alikuwa akifanya kazi na kikosi cha kupima kina cha maji kwenye bwawa moja kubwa, safari ya siku nzima kutoka nyumbani. Mchana mmoja alizunguka kwenda ng'ambo kuchukua mti wa kupimia waliousahau huko. Wenzake walimwona akiingia kwenye matete. Hawakumwona akitoka. Walimtafuta kwa mitumbwi, kwa nyavu, kwa mbwa. Hakupatikana yeye, wala kiatu chake. Mwisho watu walichoka, wakakunja nyavu zao, wakaondoka.

Mpira alirudi nyumbani na neno moja likimkwaruza kifuani: sasa hakuna anayetazama. Angekaa yeye pale, lakini mama angebaki na nani? Ndipo lilipomjia wazo la kisanduku. Alirudi bwawani, akakificha kwenye ukingo unaokabili yale matete, na kwenye ukurasa wake akaandika: "Ukishamaliza, kaa kidogo. Tazama ng'ambo. Tuambie umeona nini."

Kanuni za mchezo zinataka kisanduku cha mbali kiwe na mtu wa karibu wa kukiangalia. Mpira alikubaliana na mlinzi wa nyumba ya pampu, mtu wa maneno mengi, ambaye alimtumia habari mara kwa mara. Kifuniko kizima. Karatasi kavu. Na kila mara Mpira alimwuliza swali lilelile.

"Hujaona mtu?"

"Fundi, mimi naishi hapa. Nimeona bata, nimeona mbuzi wa watu, nimeona na mkwe wangu anayenidai. Mtu ng'ambo, sijaona."

Wageni wa mwanzo nao waliandika habari za bata na upepo. Kisha akatokea mmoja aliyeandika kwamba katikati ya matete alisimama mwanamume, shati amelifunga kiunoni.

Mpira aliisoma habari hiyo akiwa amepiga magoti nyuma ya friji ya mteja, na bisibisi ikamdondoka. Mdogo wake hakuwahi kuvaa shati akiwa kazini. Alilifunga kiunoni, tangu utoto, na mama alimgombeza kwa hilo mpaka akachoka.

Alimsomea mama. Mama akanyanyuka, akafungua sanduku la nguo, akatoa mashati ya mwanawe mdogo na kuyaloweka.

Tangu hapo walimwona wengi. Mmoja alimwona akiosha miguu. Mwingine alimsikia akipiga mluzi. Mama akawa haulizi tena habari za karakana; swali lake likawa ni nani kaenda bwawani. Siku moja akasema, "Hebu waulize, amekonda?"

Mpira aliuliza. Jibu likaja: ndiyo, amekonda kidogo, lakini ana nguvu. Mama akalia kwa furaha, na Mpira akatoka nje kwa kisingizio cha kutafuta waya, kwa maana hakujua kama habari hiyo ni ya heri au ya shari. Usiku alipolala aliyaona matete yakitikisika bila upepo.

Kisha ukaja ujumbe wa msimamizi wa mchezo. Ukingo wa bwawa umeanza kumomonyoka. Mgeni mmoja ametitia mpaka kiunoni na kuvutwa kwa kamba. Mlezi akirekebishe kisanduku au akitoe. La sivyo kitafutwa kwenye ramani. Mlinzi naye alipiga simu. "Fundi, njoo. Ardhi huku ina njaa."

Mpira, aliyeondoa kisanduku cha sokoni kwa kutu tu, safari hii alijibu kwamba atatazama. Wiki zikapita. Alipofunga safari hatimaye, mkobani alikuwa na mpira mpya, karatasi mpya, na nia ya kukisogeza nyuma kidogo tu, mahali ambapo mtu bado angeweza kuona ng'ambo.

Mlinzi alimpokea getini. Walipofika ukingoni walimkuta binti mmoja aliyevaa buti za mvua, ameketi juu ya jiwe, kisanduku mapajani, maji yakiwa mgongoni kwake. Alikuwa akiandika kwenye simu.

"Shikamooni," alisema bila kuinua kichwa.

"Marahaba. Sogea huku, binti," mlinzi alimwambia. "Hapo pana ufa, huoni? Mimi sina kamba nyingine, ile ya kwanza ilikwenda na buti la mtu."

Binti alisogea akicheka. Alimwona Mpira akimkazia macho, akadhani ni msakaji mwenzake. "Nimeshaandika, anko. Sikiliza: 'Nimemwona. Leo alikuwa ameketi, ameshika tama, kama anayemngoja mtu.' Nzuri, eh?"

"Umemwona wapi?"

"Huko."

"Huko wapi? Tangu nimefika umeyapa maji mgongo."

Binti alitazama nyuma yake, kama mtu aliyekumbushwa kwamba kuna bwawa. "Ah, anko! Kwani wewe mgeni? Huo ndio utamu wa kisanduku hiki. Kila anayekuja anamwongezea kidogo yule jamaa. Rafiki yangu ndiye aliyempa mluzi. Halafu mwenye kisanduku naye ni noma, anauliza maswali kama vile ni kweli. Aliuliza eti amekonda? Tulicheka siku nzima. Tukakubaliana tumkondeshe, ila si sana."

Mlinzi alikohoa. Mpira alisikia maji yakigonga ukingo chini yao, taratibu.

"Na yule wa kwanza?" aliuliza. "Aliyesema shati liko kiunoni. Ni nani?"

"Huyo hatumjui. Sisi tulimfuata tu."

"Aliandika mara moja, hakuandika tena?"

"Sijui, anko. Kwani vipi?"

"Huyo mnayemwongezea ni mdogo wangu," alisema Mpira. "Alipotelea pale."

Tabasamu la binti liliganda, kisha likamtoka. Alianza kubonyeza simu harakaharaka. "Nafuta, anko. Wallahi nafuta. Hatukujua. Nisamehe, nafuta sasa hivi."

"Hukujua. Nenda nyumbani, binti. Pitia juu, usipite huku ukingoni."

Binti alipokwisha kutoweka njiani, Mpira alichuchumaa na kukifungua kisanduku. Karatasi ilikuwa kavu. Alizitazama sahihi za wale watu wote, akaona jinsi walivyoandika kwa raha, wengine wakachora na uso unaocheka. Akatazama ufa. Ulikuwa umepita chini ya jiwe alipokuwa ameketi binti.

"Nilikwambia sijaona mtu," mlinzi alisema polepole. "Ningependa kumwona, fundi. Kwa ajili yako ningependa. Lakini macho yangu ndiyo haya."

"Nilidhani huwa unalala."

"Huwa nalala. Lakini si kila siku."

Mpira alikitia kisanduku mkobani. Akafungua ukurasa wake na kuandika: "Ukingo unabomoka. Kisanduku kimetolewa na hakitarudi. Tafadhali msije." Kidole kilisita juu ya neno la mwisho, kwa kuwa aliujua uzito wake, kisha kikabonyeza. Kule kwenye ramani alama ikazimika.

Akampigia mama, akamweleza yote, bila kuzunguka: kisanduku, ufa, binti, mluzi. Hakumficha hata hilo la kukonda. Alitamani mama amkemee, au alie. Upande wa pili alisikia maji yakidondoka kwenye ndoo. Bila shaka mama alikuwa akikamua nguo.

"Walidanganya wote?" mama aliuliza.

"Walidanganya, mama."

"Hata yule wa kwanza?"

Mpira aliinua macho. Ng'ambo jua lilikuwa limeinama juu ya matete, na katikati yake paliinuka kitu chembamba, cheusi, kimesimama wima. Kingeweza kuwa gogo. Mti wa kupimia pia ungeweza kusimama namna ile, kama uliachwa umechomekwa topeni muda wote huo. Sehemu yake ya katikati ilikuwa nene kuliko juu na chini, kama kitu kilichofungwa kitambaa.

"Nakuuliza, mwanangu."

"Ngoja, mama," alisema. "Ngoja nitazame vizuri."

Akasogea mbele. Udongo ulilalamika chini ya kiatu chake. Mlinzi alimdaka shati kwa nyuma, akalikunja ngumini, akazungusha ngumi ili lisichomoke. Hakumvuta. Wakasimama hivyo, mmoja ameegemea mbele na mwenzake ameegemea nyuma, mama akingoja kwenye simu, mpaka giza likayajaza matete na hakukuwa tena na cha kutazama.